Kiti cha Mama, Mstari wa Nne

Binti yangu alipopata nafasi ya kuimba katika tamthilia kubwa ya muziki mjini kwetu Tabora, aliniuliza swali moja tu: bibi atakaa wapi?

Sikucheka, kwa sababu nilijua kinachomsumbua. Mwaka uliotangulia alipanda jukwaani kwenye mahafali ya chuo chake, taa zikammulika usoni, akatazama mbele na kuona giza tupu. Sauti ikamkauka. Mpiga kinanda alirudia mwanzo wa wimbo mara kadhaa, mwisho akaacha, na binti yangu akashuka kimya. Kwa miezi mingi baada ya hapo hakuimba hata akifua nguo. Sasa walimu wa tamthilia, waliotoka Dar es Salaam wakachagua vijana wa hapa kujazia kundi lao, walikuwa wamempa sehemu ngumu kuliko ile. Anaingia peke yake, muziki wote unanyamaza, na yeye ndiye anayeanzisha wimbo bila ala yoyote. Alikubali. Alichotaka ni uso mmoja anaoujua.

Uso huo ni wa mama yangu. Likizo zake zote za utotoni binti yangu alizimalizia Usoke, ambako mama analima tumbaku. Kufunga majani kwenye vijiti kabla ya kuyaingiza bani, yaani kwenye kibanda cha kukaushia, ni kazi ya kukaa chini kutwa nzima, na mtoto alikuwa akimwimbia bibi yake muda wote huo. Mama si mtu wa kusifu. Ila anasikiliza, na mtoto humjua mtu anayemsikiliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi nikipewa tatizo nalitengenezea somo. Siku moja ya mazoezi niliomba ruhusa kuingia ukumbini. Binti yangu akasimama jukwaani taa zote zikiwa zimewashwa, mimi nikawa nahama kiti hadi kiti huku nikiinua kanga yangu ya manjano. Yeye anasema anaona au haoni.

Tulichokigundua huenda kikamsaidia mtu mwingine, kwa hiyo nakieleza. Kwetu tumezoea kwamba mbele ndiko kwa heshima. Mbele kabisa ndiko yanakowekwa masofa yenye vitambaa vyeupe, kwa ajili ya wageni waalikwa. Lakini jukwaa la ukumbi ule ni la juu. Aliyekaa kwenye sofa anaona magoti ya wachezaji na chini ya videvu vyao, na mwimbaji hawezi kumwona bila kuinamisha kichwa. Ukirudi nyuma sana, unaona jukwaa lote vizuri, ila wewe mwenyewe umemezwa na giza. Mstari wa nne ulikuwa wa mwisho ambapo binti yangu aliweza kuutambua uso wangu. Upande wa kushoto ukawa bora zaidi, karibu na njia ya katikati, kwa kuwa yeye anaingia kutokea kulia na macho yake yanakwenda moja kwa moja pale. Nikamwambia ashuke, tumemaliza. Kesho yake nikanunua tiketi nne zilizofuatana kwenye mstari huo: yangu, ya mume wangu, ya mama na ya dada yangu mkubwa.

Nilijiona nimefaulu mtihani.

Siku ya onyesho, Jumapili alasiri, mume wangu alitangulia peke yake. Hilo halikumshangaza mtu nyumbani. Kwetu Wanyamwezi, mkwe na mama mkwe hawaongozani njiani. Wakikutana, mwanamume anakaa pembeni mpaka mama apite. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawapeani mkono. Mgeni anaweza kudhani wamegombana, kumbe ni heshima tupu. Mjini wengi wameiacha desturi hiyo. Mama hajaiacha, na mume wangu, ambaye kwao nako wanaishika, hajawahi kuilalamikia tangu anioe. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kwamba yeye akae mwisho kule ndani, nifuate mimi, kisha dada, na mama kwenye kiti cha pembeni mwa njia. Watu wawili kati yao. Niliona inatosha.

Tukaingia watatu, mama katikati amevaa vitenge vyake vipya. Ukumbi ulikuwa umeshaanza kujaa. Wengine, ingawa viti vilikuwa na namba, walikuwa wametandaza kanga kwenye viti vya ndugu zao kama wanavyofanya kila mahali, na wahudumu walikuwa na kazi ya kuzikunja na kuzirudisha kwa wenyewe. Mume wangu alikuwa ameshakaa. Dada akatangulia kuingia kwenye mstari, akajitupa kitini, na mstari mzima ukatikisika. Mume wangu, viti viwili kutoka kwake, akainuliwa kidogo kama abiria wa basi linalopita kwenye matuta.

Mama akasimama palepale njiani.

Siku ya mazoezi nilivikalia viti vile peke yangu, ndiyo maana sikuliona jambo hilo. Viti vyote vya mstari vimepigiliwa juu ya ubao mmoja mrefu. Mmoja akijigeuza, wote wanajua. Kwa mtu mwingine ni fundi tu aliyebana matumizi ya mbao. Kwa mama, kukaa pale ni kukaa mkeka mmoja na mkwe wake na kumtikisa kila anapokohoa.

“Mimi nitasimama mlangoni,” akasema. “Naona vizuri tu nikisimama.”

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba suala si yeye kuona, ni yeye kuonekana. Akasema mtoto atajua tu kuwa bibi yumo ndani. Nikamwambia mwaka jana pia alijua kuwa mimi nimo ndani. Hapo mama akajifunga kitenge upya, lakini hakukaa.

Mume wangu alikuwa ameshaelewa. Alisimama, akageukia ukutani kwa adabu, akitafuta pa kutokea. Njia ya karibu ndiyo hiyo aliyosimama mama, na hawezi kumpita bila kumgusa bega. Upande wa pili kulikuwa na magoti ya watu wasiopungua kumi, halafu ukuta. Akabaki wima, mgongo kwetu, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo ambalo halipo.

Dada yangu hakunihurumia. “Mwalimu,” akasema, “hesabu ya taa umeipata yote. Ya mkwe umepata sifuri.”

Mhudumu mmoja, msichana mwenye utepe begani, akaona bibi kizee amesimama. Akaja haraka, akapiga goti kidogo, akampa shikamoo, akamwambia kuna nafasi kwenye masofa ya mbele. Mama akaitikia marahaba kwa furaha kubwa. Dada akamsukuma akubali, angalau apigwe picha na wakubwa. Mimi nikawa natikisa kichwa nyuma ya mgongo wa msichana, maana kule mtoto angeona utosi wa kilemba tu. Kengele ya kwanza ikalia. Mtoto wangu alikuwa nyuma ya pazia akiamini nimelimaliza jambo hili siku nyingi, na sasa mama yangu alikuwa na sehemu mbili za kwenda, mlangoni au kwenye masofa, na kote mtoto asingemwona.

Ng’ambo ya njia, mstari huohuo wa nne, kiti cha pembeni kilikaliwa na mzee mmoja wa makamo mwenye koti la kijivu. Baadaye nilikuja kujua ni mfanyabiashara wa pamba kutoka Nzega, amekuja peke yake. Viti vya upande ule vilikuwa na ubao wao, na kati yake na sisi kulikuwa na njia pana. Nikamwendea na maelezo yangu yote tayari. Nikaanza: samahani sana mzee, nina ombi, yule mama pale ni mama yangu mzazi, na yule bwana aliyesimama ni mume wangu, sasa viti hivi...

“Ni mkwe wake?” akauliza.

Nikasema ndiyo.

“Si ungesema hilo tu.” Akawa ameshachukua kofia yake na kusimama.

Sikuhitaji kumaliza somo. Mstari wa mbele yetu walikuwa wamesikia, na wa nyuma pia, na lile neno moja likawapita kama maji. Mwanamke mmoja akamshika mama kiwiko na kumrudisha nyuma hatua chache, akimwuliza ametokea wapi. Wengine wakakunja miguu. Kijia kikafunguka, mume wangu akatoka bila kumgusa mtu, akavuka hadi ng’ambo, akakaa. Watu wasiojuana walikuwa wamelipanga jambo hilo haraka kuliko ninavyopanga darasa langu mstari wa kuingia ndani. Sijui kama mji mwingine ungeweza. Nilijisikia nataka kumwambia mtu: hawa ndio watu wa kwetu.

Mzee wa Nzega akasimama karibu na kiti kilichoachwa, akamgeukia mama kwa uso wa kiserikali kabisa.

“Mama, kabla sijakaa. Huna binti mwingine wa kuniozesha? Nisije nikahamishwa tena.”

“Yuko mmoja,” dada akamjibu kabla mama hajafungua kinywa, “lakini nimeshachukuliwa. Kaa, baba.”

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ndipo alipokaa. Alipokwisha kutulia, akatazama mbele na kuniambia kwa sauti iliyovuka njia bila shida yoyote nimwambie mkwe wake kwamba anamshukuru. Mume wangu naye akatazama mbele, akaniambia nimwambie mama hakuna shida. Nikawa posta yao, ingawa walikuwa wanasikiana vizuri.

Taa zikazimwa, pazia likafunguka, na kwa muda nilisahau viti.

Sijawahi kuona jukwaa likijaa vile. Msafara mzima uliingia: wapagazi na mizigo yao vichwani, wapiga ngoma, kiongozi na bendera, wanawake na vyungu vyao. Walizunguka jukwaa wakiimba, wakaenda kana kwamba wanatembea kutoka hapa kwetu hadi pwani. Kutoka pale tulipokaa niliona nyayo zao na vichwa vyao kwa pamoja, na namna mistari miwili ilivyopishana bila kugongana. Nusu ya watu wa Gongoni, mtaa ninaokaa, hawana babu aliyezaliwa hapa. Walifika na misafara kama ile wakabaki. Na mababu wa upande wa mama ndio waliokuwa chini ya ile mizigo. Shuleni nafundisha habari hizo kwa ramani. Sasa zilikuwa mbele yangu zinatoka jasho.

Kisha msafara ukaondoka, ngoma zikanyamaza, jukwaa likabaki tupu. Binti yangu akaingia kutokea kulia. Aliigiza mke wa mpagazi, mwanamke aliyeachwa kambini akiumwa homa msafara ulipoendelea. Alifika katikati, akasimama. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia feni.

Hakuanza.

Niliyaona macho yake. Yalipita juu ya masofa, yakarudi, yakapita tena. Nilitaka kuinua mkono na nikashindwa. Mama hakuinua chochote. Alisogea mbele tu, akaegemeza viwiko magotini na kidevu viganjani, akamtazama mjukuu wake kama anayesema tuna siku nzima. Ubao ulitikisika kidogo. Macho ya binti yangu yakafika mstari wa nne na yakakaa.

Akaanza kuimba. Mwanzo ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayemwimbia mtu mmoja, na mama akawa hapepesi macho. Ubeti wa pili ulikuwa umefunguka zaidi. Kwenye ubeti wa tatu aliinua uso, akageukia kulia, akageukia kushoto, akaipeleka sauti yake mpaka kwa watu wa viti vya mwisho ambao kwa hakika hawezi kuwaona. Ng’ambo ya njia mume wangu alikuwa amevua miwani yake na kuishika mkononi. Mzee wa Nzega akaninong’oneza akiuliza kama ni wetu. Nikasema ni wetu.

Mama alinyoosha mkono mbele ya dada, akanigusa.

“Umeona? Sasa hanitafuti.”

Alilisema kwa fahari ambayo sijawahi kuisikia kwenye sauti yake, hata siku ya mavuno makubwa. Kisha akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu pazia lifunguke, na msafara uliporudi jukwaani akaniuliza yule mpiga ngoma mrefu ni mtoto wa nani.