Mkuu Shih na Kinu Asichokisifu

Katika mji wetu majengo ya zamani hayabomolewi. Yanajiwasha moto yenyewe. Nyumba inaweza kusimama tangu enzi Wajapani walipotutawala, ikavumilia tufani kila mwaka, matetemeko ya ardhi na vizazi vya watoto wanaocheza na fataki, isitoe hata moshi wa kuchokoza pua. Lakini siku ikisikia kwamba Idara ya Usanifu wa Mji na Urithi imeiweka chini ya ulinzi, basi, roho inaitoka. Kamati inakuja kuikagua, inakuta majivu. Zimamoto watasema ni hitilafu ya umeme, hata kama nyaya zilikatwa zamani, na mwenye nyumba atalia mbele ya kamera huku mchoro wa ghorofa jipya uko mfukoni.

Idara hiyo iliongozwa na Shih Pei-chun, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wasiomsikiliza. Kazi yake, ukimsikiliza meya siku ya hotuba, ilikuwa kuupa mji sura na kuutunzia kumbukumbu. Kazi yake ya kweli ilikuwa kukaa vikaoni kujadili mabango ya maduka yawe kahawia ya namna gani, kisha kuhudhuria mazishi ya majengo. Wafanyakazi wake walimwita Mkuu Shih akiwepo. Akitoka walimwita Kiberiti, maana kila alichokigusa kiliungua.

Mama yake, aliyeuza keki za mchele za mvuke kando ya hekalu la mtaani, hakuwa na huruma naye.

"Nimekusomesha mpaka ng'ambo ili uziandikie nyumba za watu hati za kifo?"

"Mama, ni hati za ulinzi."

"Ndizo hizohizo. Ile nyumba ya daktari uliilinda, iko wapi? Haya kula, hao unaowalinda hawatakupikia."

Pei-chun alikula.

Kisha akakiona kinu. Kilikuwa nyuma ya mfereji, jengo la mbao la kukobolea mpunga, na ndani yake mashine ya mwerezi iliyopanda mpaka darini, mikanda, magurudumu na mifereji ya kumwagia mchele, kila kitu mahali pake kana kwamba wafanyakazi wametoka tu kwenda kula. Kilikuwa kinanuka pumba. Pei-chun alisimama katikati ya vumbi akasahau kutoa daftari. Alikuwa amekagua mamia ya majengo kwa uso mkavu, lakini hili alilipenda kama mtu anavyopenda mtu, na alijua wazi kwamba akilipoteza hatapata tena moyo wa kuifanya kazi hii.

Mwenye kinu alikuwa mzee mjane mwenye nyusi nene, mjukuu wa aliyekijenga, jina lake Kuo Huo-wang. Huo-wang maana yake ni moto unaowaka vizuri. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa kumtakia baraka, hawakumfikiria mkuu wa urithi. Alimkaribisha Pei-chun, akamtilia chai, akamwambia bila kuficha kwamba wanawe wanataka kinu kipigwe chini lijengwe ghorofa, na kwamba yeye bado anafikiri.

Pei-chun alirudi ofisini akimwaza mzee yule na jina lake. Akamwita naibu wake, Liao, mtu mpole aliyeogopa kila kitu isipokuwa chakula cha mchana.

"Tukiandaa hati ya ulinzi kesho, kitaungua lini?"

"Inategemea mvua, Mkuu," Liao akajibu.

Basi Mkuu Shih akapata wazo ambalo mtu mwenye elimu ndogo asingelipata kamwe. Ikiwa majengo ya mji huu yanakufa kwa kusifiwa, dawa ni kuyatukana. Jengo lisilo na thamani hakuna anayeliogopa, na lisiloogopwa halichomwi. Kinu kikae hivyohivyo, kidharauliwe, kisahaulike, mpaka wana wa mzee wachoke au meya abadilike.

Mwandishi wa gazeti alipomuuliza juu ya kinu cha nyuma ya mfereji, alikuwa tayari.

"Lile banda la panya?" akasema, akicheka kabisa. "Mbao za kawaida na mashine za kutu. Aliyekijenga hakujua ujenzi, alijua kukoboa tu. Kikianguka, mtaa utapata hewa safi."

Gazeti likachapisha neno kwa neno. Liao alilisoma mara mbili.

"Mkuu, umemtukana babu wa mtu aliyelala kaburini."

"Nimekiokoa kinu chake. Wewe subiri uone."

Na kweli, kinu hakikuungua. Kiangazi kikapita, tufani zikapita, nyumba mbili zilizosifiwa mtaa wa pili zikateketea kwa hitilafu za umeme, na banda la panya likabaki wima. Pei-chun akawa anapita pale kila jioni akitoka kazini, akitazama paa kwa jicho la pembeni kama mtu anayempitia mchumba wa siri. Alijisifu sana moyoni. Alianza hata kufikiria mhadhara wa chuo kikuu kuhusu njia yake mpya ya kuhifadhi urithi, tatizo likiwa kwamba njia yenyewe haiwezi kutajwa.

Asubuhi moja Mzee Kuo akaingia ofisini bila kubisha, amevaa koti lake la kuendea harusi, gazeti lile la zamani limekunjwa kwapani.

"Nani hapa aliyesema babu yangu hakujua ujenzi?"

Liao akainamia meza. Pei-chun akasimama. "Karibu ukae, Mzee Kuo."

"Sikai! Mbao zile babu alizichagua mwenyewe, moja moja, mlimani. Tetemeko lililoangusha shule ya serikali, iliyojengwa na mainjinia, halikukitingisha kinu chake! Wewe unamwita panya?"

"Mzee wangu, yale yalikuwa maoni ya kitaalamu..."

"Kitaalamu!" Mzee alicheka bila furaha. "Nilikuwa nimekaribia kuwakubalia wanangu. Nakwambia ukweli. Kalamu nilishaishika. Juzi nikaonyeshwa maneno yako, nikaingia kinuni, nikakaa, nikaona aibu. Nimewafukuza wajenzi. Sasa nataka kinu kiandikwe urithi, kiwekwe kibao cha shaba, na kibao hicho ukigongelee wewe kwa mkono wako!"

Pei-chun alilazimika kuuma ulimi ili asicheke wala kulia. Hakuna mwenye mali katika mji ule aliyewahi kuja mwenyewe kuomba. Kwa desturi kamati haikumlazimisha aliyekataa hadharani, ila wenye mali waliona haya kukataa mbele ya watu, kwa hiyo ombi la mwenye mali lilikuwa dhahabu. Akajifanya anasitasita, akashusha pumzi, akasema kwa unyonge wa kuigiza, "Kama unasisitiza, Mzee Kuo, sisi ni nani tukukatalie."

Usiku huo alimwambia mama yake kwamba amekuwa hodari. Mama akamwambia ngoja kwanza.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa manispaa, mwenyekiti akiwa Profesa Wu, mtu wa adabu nyingi aliyepata kuidhinisha mambo mengi kwa kusinzia. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, alikuwa macho. Mzee Kuo aliketi mstari wa mbele na koti lake. Profesa akafungua gazeti.

"Tunaheshimu hisia za familia," akasema. "Ila mkuu wa idara, ambaye ndiye mtaalamu wetu, ametamka hadharani kwamba jengo hili ni banda la panya lenye mbao za kawaida. Sioni sababu ya sisi kumpinga. Napendekeza tulikatae, twende kwenye suala la mabango."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Pei-chun akaona mikono inaanza kupanda, na kinu chake kikizama mbele ya macho yake kwa maneno ya mdomo wake mwenyewe.

"Nilidanganya," akasema.

Mikono ikashuka. "Samahani?" Profesa Wu akauliza.

"Ni jengo zuri kuliko yote niliyoyaona katika kazi yangu. Nilisema uongo kwa makusudi."

"Kwa nini, Mkuu Shih?"

Ukumbi mzima ulijua kwa nini. Hapakuwa na mtu asiyejua hitilafu za umeme zinatoka wapi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulisema neno hilo kwa sauti, maana adabu ya mji huu ni kulia na mwenye nyumba kisha kunyamaza. Pei-chun alimtazama Profesa, kwa kuwa hakuthubutu kumtazama Mzee Kuo.

"Niliogopa nikikisifu kitachomwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kinu."

Kamati ikapitisha usajili kwa haraka ya ajabu, kila mjumbe akinyoosha mkono ili jambo liishe. Liao akaanza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akaacha. Mzee Kuo akainuka.

"Mkuu, nikuulize kitu. Siku ile ulipokunywa chai yangu, ulikuwa umeshaamua mimi ni mchoma nyumba?"

"Sikuwa nakujua, Mzee wangu. Wengine wote..."

"Mimi nimekuuliza habari zangu, si za wengine."

Pei-chun alianza kumsogelea. Mzee akainamia kamati kwa heshima zote. "Naliondoa ombi langu," akasema. "Nilikuja hapa kulinda jina la babu. Sasa itabidi nilinde langu."

Pei-chun alimfuata nyumbani kesho yake, na keshokutwa, akaomba radhi mlangoni kwa maneno yote ya unyenyekevu anayoyajua, hata akampeleka mama yake na kikapu cha keki za mchele. Mzee alipokea keki, akamshukuru mama, akafunga mlango.

Usajili ulifutwa, kwa kuwa mwenye mali amekataa, na kinu kikabomolewa siku ya Jumamosi, mchana kweupe, kwa kibali halali kilichogongwa muhuri na serikali ileile. Mzee Kuo alialika majirani na waandishi. Aliita hata gari la zimamoto, likaegeshwa mbele ya mlango na mpira wa maji umeshaunganishwa. Kisha akatuma mtu kumwita Mkuu Shih, akamsimamisha kando yake pale kamera zilipokuwa.

Tingatinga likauma ukuta. Mbao za mwerezi zikapasuka, na harufu ya pumba ikajaa mtaani. Pei-chun alikuwa analia waziwazi. Mzee naye alikuwa analia, ila alikuwa ameinua kidevu.

"Angalia vizuri, Mkuu. Unaona moshi?"

"Sioni, Mzee Kuo."

"Sema kwa nguvu, hawajasikia."