Kondoo Aliyefuata Chupa

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu mifugo: mnyama wa kuliwa hachezewi. Umlishe ashibe, umchinje kwa kisu kikali, yaishe. Mengine yote aliyaita upuuzi.

Kaka yangu alipotaka kuoa, baba alinunua kondoo dume wa kunenepesha kwa ajili ya siku ya mahari. Kwetu, kondoo huyo ndiye sura ya nyumba ya bwana harusi. Akifika amekonda, mmekonda nyote. Alifungiwa kibandani nyuma ya nyumba, pale Waithaka, akaletewa majani ya viazi vitamu mpaka mkia ukawa mzito kama mfuko wa unga. Kila jioni baba alimwita kwa mluzi, akamkuna kichwa.

Kaka naye alikuwa amenunua simu yenye kamera. Jumapili moja, baba akiwa kanisani, alimtilia kondoo bia kwenye sufuria, akamrekodi akipepesuka, akigonga tangi la maji, akianguka, kisha akaiweka video mtandaoni. Mimi habari hiyo niliipata kazini, mjini, mwenzangu aliponisogezea simu yake.

“Cheki hii maneno,” alisema. “Kondoo imelewa chakari, imagine!”

Nililitambua tangi letu. Nikasema huyo ni wetu, na ofisi nzima ikanipongeza.

Sifa zilimnogea kaka, akarudia. Mnyama akazoea: akisikia tu kizibo kikifunguka, anakuja mbio. Baba alipogundua hakupiga kelele.

“Hii ni ya kuheshimu wakwe,” alimwambia kaka. “Wewe umeifanya kichekesho.”

“Si ni kondoo tu, mzee? Na bado tutaichinja.”

 Baba alisema tu kwamba siku ya mahari atamwongoza kondoo yeye mwenyewe.

Tulifika kwa wakwe, Kabiria, kondoo akagoma kushuka kwenye pikapu. Vijana walivuta kamba, akajikita miguu. Baba aliwaomba wampishe. Kabla hajafika, ndugu yake bibi harusi, ambaye video alikuwa nayo kama kila mtu, alifungua chupa ya bia.

Kondoo alishuka mwenyewe. Aliifuata chupa katikati ya wageni, mkia ukiyumba, hadi kwenye majani ya migomba yaliyotandikwa, mchinjaji akiwa amekwisha kunja mikono ya shati. Simu zote zilikuwa juu. Kuna waliocheka mpaka wakakaa chini. Nyama ilikuwa tamu, nami nilikula.

Mmoja wao aliiweka video ya siku hiyo mtandaoni, na ipo mpaka leo. Chini yake watu tusiowajua wameandika kwamba kondoo huyo ana akili, na wanaomba nyingine. Inakatika pale anapoifikia chupa, kwa hiyo kisu hakionekani. Huwa naitazama mara chache, na kila mara inaniuma. Pembeni kabisa yupo baba, kofia mkononi, anapiga ule mluzi wake wa jioni. Kondoo hageuki.