Kampuni Mpya, Jina Lilelile

Mama yangu ni fundi cherehani. Akitaka kubadilisha uzi kwenye mashine, hauchomoi wa zamani. Anafunga ule mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, anavuta, na mpya unapita njia ileile hadi kwenye sindano.

Intaneti ya nyumbani aliihamishia kampuni nyingine hivyohivyo. Ruta ya kampuni mpya ilipowekwa, aliijaribu wiki nzima huku ya zamani ikiendelea kuwaka. Kisha akaipa mpya jina lilelile na neno la siri lilelile, ndipo akazima ya zamani.

Bibi, mkwe wake, alikuwa ameshatuonya: "Hiyo kampuni yenu mpya isiguse simu yangu!"

Simu ilijiunga yenyewe, wala bibi hakushtuka. Jioni tukamsikia akiongea na dada yake kwa video: "Unaona ninavyoonekana vizuri leo? Huu ndio mtandao wangu wa siku zote! Walitaka kuubadilisha, nikawakatalia katakata!"

Mimi nilikuwa chini ya meza, mbavu sina. Mama akauma kitambaa, akameza kicheko, akaitikia kutoka kwenye cherehani: "Kweli mama, bila wewe tungepotea!"