Neno la Kunong'ona Magharibi

Nilipokuwa mtoto Likoni, miaka ya vita, nilikuwa nikiupenda mwisho wa dunia. Jioni tukishaswali magharibi, watoto wa mtaani walikusanyika uani kwa Bibi, mamake baba yangu, naye akasuka ukili wa mikeka huku akitusimulia. Hadithi tulimchagulia wenyewe, na kila mara tuliitaka ileile ya Juju na Majuju.

Hao ni viumbe wasiohesabika, waliofungiwa nyuma ya ukuta wa chuma. Mchana kutwa huuramba kwa ndimi zao mpaka ukabaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Jua likitua huambiana, "Tutamaliza kesho," wakaenda kulala. Kwa kuwa hawakusema inshallah, asubuhi huukuta mnene vilevile. Siku watakayolisema neno hilo ukuta utaanguka, watatoka, wataikausha bahari kwa kuinywa, na dunia ndiyo basi tena.

Bibi alikuwa na lake la kuongeza, ambalo sijalisikia kwingine.

"Basi magharibi neno hilo msilitamke kwa kele," alituonya. "Wasije wakalisikia, wakajifunza."

Sijui kama alitania. Sisi tuliamini kabisa. Giza likianza kuingia tulilinong'ona tu, na mgeni akilitamka kwa sauti, mimi niliziba masikio. Baba alinicheka sana. Alikuwa mpishi ng'ambo ya kivuko, mtu wa sauti nene, hata salamu zake majirani walizisikia wakiwa vyumbani.

Kisha Baba akachukuliwa kwenda kuwapikia askari vitani Bama, ndiyo Burma, mbali ng'ambo ya bahari. Aliondoka magharibi. Mama alikuwa amejifunika leso usoni, na ukili wa Bibi ulilala chini. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema Bama ndiko dunia inakoishia, nami nikajua ukuta uko hukohuko na Baba anapelekwa kando yake. Nikamshika kanzu.

"Baba, utarudi?"

Alifungua kinywa anijibu kwa ile sauti yake, akanitazama, akakifunga. Akainama mpaka ndevu zikanichoma shavuni.

"N'tarudi, mwanangu," alininong'oneza. "Inshallah."

Hata Mama hakusikia.

Habari ya kifo chake aliileta mzee wa mtaa, mchana, jua linawaka. Matanga yalipoisha nilimfuata Bibi jikoni, maana kulikuwa na jambo lililokuwa likinila moyo.

"Bibi, Baba alilisema neno polepole mno. Mungu hakulisikia."

"Nani kakwambia hayo?"

"Si wewe uliyesema tusilitamke kwa kele?"

Alinipakata akalia, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata siku ya msiba.

"Alisikia, mjukuu wangu," akasema mwishowe. "Alisikia, na hakutaka."

Ile hadithi hakuisimulia tena. Watoto walipokuja kuiomba aliwaambia ameisahau. Nami nilikaa kizingitini nikishangaa kwamba jirani yetu anatwanga mahindi, muuza maji anapita akiita wateja, na bahari imejaa maji kama kawaida.

Siku hizi wajukuu zangu huniita tutazame mwisho wa dunia kwenye televisheni, bakuli la bisi katikati yetu. Miji inaporomoka, mawimbi yanapanda juu ya majumba, watu wanakufa wote kwa pamoja. Hunishika mkono wakidhani naogopa. Mwisho wa namna hiyo haunitishi, maana mtu anakufa na wenzake. Unaonitisha ni ule niliouona kizingitini.

Magharibi mtu akiniaga, akaniambia tutaonana kesho, mimi humjibu inshallah kwa kunong'ona. Wajukuu hudhani uzee umenimaliza sauti, nami nawaacha wadhani hivyo. Ile sauti nene ya Baba nimeisahau. Hata nikijilazimisha, hainijii. Iliyobaki ni ile aliyoishusha kwa ajili yangu.