Helmeti ya Lornah

Ndugu yangu Zedekiah ni mtu wa sheria kupita kiasi. Alipokuwa akiendesha boda hapa Kilimani, ninapouza chai, wenzake walimcheka: barabara iko wazi, lakini taa ikiwa nyekundu yeye anasimama tu. "Pasta wa pikipiki," ndivyo walivyomwita. Abiria akikataa helmeti, anamshusha. Lornah, abiria wake mmoja, aliivaa ile nyekundu bila kuambiwa, na nadhani ndiyo maana alimwoa.

Baadaye akapata kazi ya ufundi wa injini kwenye meli ndogo ya mizigo ya ziwani kule Mwanza. Alilala humo, akapika humo, akafua humo. Kapikipiki kake alikafunga kamba juu ya meli, ili wakitia nanga ashuke nako sokoni kutafuta spea na chakula. Siku ya kuondoka, Lornah alimshika mkono. "Zeddy, unaenda nchi ya watu. Kila kitu kihalali. Sitaki kuja kukutoa selo." Akaapa. Na kweli, mpakani alichukua bima na kibali cha forodha cha kuingiza pikipiki.

Halafu Lornah akaugua figo. Nilimpeleka hospitali kubwa kule Upper Hill, akalazwa kwenye kitanda cha dirishani, juu ya barabara. Daktari aliniita kando, akasema kama mgonjwa ana mume, aje upesi. Nikampigia Zedekiah, naye akawasha pikipiki siku hiyo hiyo.

Mpakani wakamzuia. Kibali kilikuwa kimekwisha muda. Jamani! Pasta mzima! Kumbe alikuwa akihesabu siku za nchi kavu pekee. Siku za majini hakuzihesabu, kwa sababu kwake yeye na wenzake wa melini, ziwa si nchi ya mtu. Ukishapanda meli, umeondoka. Ofisa akamwambia meli ni ya Tanzania, maji ni ya Tanzania, na pikipiki haijatoka hata siku moja. Ikafungiwa mpaka mkubwa wao apatikane.

"Iache hapo!" nilimfokea kwenye simu. "Panda basi uje!"

"Sista, walinigongea muhuri wa pikipiki kwa paspoti. Nikitoka bila hiyo, nimetoroka. Na Lornah aliniapisha."

"Lornah anakufa, wewe!"

Nilimlaani ofisa, nikalilaani ziwa, nikalia pale kwenye korido watu wakinitazama.

Lornah hakupenda kudanganywa, kwa hiyo nilimwambia yote. Akacheka kidogo. "Huyo Pasta wangu! Mwache amalize vizuri, Mama Ryan. Nitamngoja." Lakini kila pikipiki ilipopita chini, alinigusa mkono. "Si hiyo?" Bado, mama, ndivyo nilivyomjibu. Boda za Nairobi haziishi, na alizisikiliza zote. Ikafika asubuhi ambayo hakuuliza tena.

Zedekiah alifika alasiri ya siku hiyo. Nilimkuta nje ya lango, ameegesha pale tu panaporuhusiwa, vumbi mpaka kwenye kope, karatasi mkononi.

"Wameniachilia, sista! Halali kabisa, ona muhuri. Nataka aone mwenyewe."

Nilimshika mabega nikamwambia Lornah ametutoka asubuhi. Aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka ikakataa kukunjika. Kisha akaniomba nimpeleke amwone, nikampeleka.

Tuliporudi langoni nilisema twende nyumbani. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga helmeti ya pili, ile nyekundu ya Lornah, aliyokuja nayo kutoka Mwanza ili ampeleke nyumbani. Niliifungua nikaipakata, nikapanda. Kuivaa sikuweza. Nikangoja awashe injini, hakuwasha.

"Vaa, sista," akasema, macho mbele. "Ni sheria."

Nikaivaa, nikakaza kamba chini ya kidevu. Aliposikia ile kamba ikibana, ndipo alipoanza kulia.