Kaka yake Doreen

Doreen Kessler alikuwa na mdomo, na mji mzima wa Alder Falls ulilijua hilo. Alipika miaka mingi katika bwalo la chuo, akiwafokea wanafunzi walioacha sahani mezani, na alipostaafu, ufokaji wake akauhamishia mtaani. Wanafunzi walikuwa wamejazana kwenye nyumba za kupanga, wanane hapa, kumi pale, makochi yameoza barazani, makopo ya bia yamezagaa kwenye theluji. Ndipo halmashauri ya mji ikaleta sheria: watu wasio na undugu wa damu wala wa ndoa wasizidi watatu katika nyumba moja. Doreen alisimama mkutanoni akapaza sauti, "Nyumba ni ya familia, si ya genge!" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Wendell Ott, aliyekaa kando yake akimshikia koti.

Wendell alikuwa fundi bomba, mpole, mikono mikubwa. Alikuja kumtengenezea Doreen sinki baada ya mumewe kufariki, akanogewa, hakuondoka tena. Miaka tisa walilala kitanda kimoja. Ndoa Doreen aliipiga danadana, kwani angeolewa, pensheni ya ujane ingekatika. Wendell aliposa mara mbili, kisha akaacha kumsumbua. Ghorofani walipangisha wasichana wawili wa chuo, Tess na Kaylin.

Watu wanne, basi, na Doreen hakuwahi kujihesabu. Sheria aliyoipigania aliiona ni ya watu wengine. Aliyekuja kumhesabu ni Colleen Voight, mkaguzi wa halmashauri, aliyesoma darasa moja na binti yake.

"Samahani, Bi Doreen, tunapita kila nyumba yenye wapangaji. Mnaishi wangapi?"

"Mimi na wasichana wangu wawili."

"Na yule bwana?"

Wendell alikuwa jikoni, amevaa soksi bila viatu, anamenya viazi.

Masikio ya Doreen yaliwaka moto. Wakiwa wanne, mmoja angelazimika kuhama katikati ya baridi. Lakini tusimpambe: hakuwafikiria wasichana hata kidogo. Alifikiria mtaa mzima ukimcheka, yeye mwenye kelele za familia, kumbe anaishi na mwanamume asiye mume.

"Ni kaka yangu," akasema.

Kisu cha Wendell kikasimama.

"Sikujua kama una kaka, Bi Doreen."

"Mama mmoja, baba mbalimbali."

Colleen alichungulia jikoni. "Ni kweli, bwana?"

Wendell alimtazama Doreen. "Akishasema yeye, nani ambishie?" alijibu. Colleen akacheka, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Mlango ulipofungwa Doreen alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Sasa ningefanyaje, Wendell? Niambie, ningefanyaje?"

"Ungesema mimi ni mtu wako."

"Wangekutimua!"

"Wangenitimua. Ningepanga chumba mtaa wa pili, kila asubuhi naja kunywa kahawa kwako, na watu wote wanajua naenda kwa nani." Aliendelea kumenya. "Hilo lisingeniuma."

Jioni ile Wendell alichukua mto wake akashuka kwenye chumba cha chini, karibu na tangi la maji ya moto. "Acha utoto," Doreen alimwambia kutoka juu ya ngazi. "Kaka hulala wapi?" aliulizwa, wala si kwa hasira. Afadhali angetukanwa.

Kesho yake walikula pamoja, wote wanne. Tess, msichana asiyejua kunyamaza, akauliza, "Bwana Wendell, mbona umehamia chini? Mmegombana?"

Wendell aliweka uma chini, akamgeukia Doreen, akangoja. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu aliyekwisha kusamehe na anachosubiri ni kuambiwa aingie. Wasichana nao wakangoja. Neno moja tu lingetosha, na Doreen alikuwa nalo mdomoni.

"Anakoroma," akasema.

Wasichana waliangua kicheko. Wendell pia alicheka, kwa adabu, akauchukua tena uma wake.

"Dada," akasema, "nisogezee viazi."

Doreen alimsogezea bakuli. Hakuweza kuinua macho, si mezani pale, si alipoosha vyombo, na aliposikia mlango wa chini ukifungwa, aliona haya hata ya kulia.