Kilio Tulichokirudia Didia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mashine ya taipu yenye herufi iliyolegea, nikaambiwa nikae dirishani. Ilikuwa ofisi ya sinema ya mkoa, mjini Shinyanga, na nilikuwa nimeajiriwa kuchapa barua tu. Saa nne Afisa Sinema wa Mkoa, mzee mrefu wa kaunda suti, akaniletea mswada wa filamu fupi ya kilimo cha pamba. Mahali palipoandikwa "mkulima ana huzuni" nikapachapa kama palivyo. Alisoma, akanirudishia.

"Binti, huzuni inaonekanaje?"

"Sijui, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi nenda sokoni ukaitafute. Ukiiona, njoo uiandike."

Nilikwenda huku nimenuna. Nikamwona mama mmoja akilikunja gunia tupu, akilikunjua, akilikunja tena, bila kumtazama mtu. Nikarudi nikaandika hivyo. Kuanzia wiki ile barua alipewa mtu mwingine, nami nikawa mwandishi wa skripti.

Vijana wa leo mnadhani skripti ni maneno ya waigizaji. Ni kile jicho linachokiona, maneno yanakuja baadaye, tena yakiwa machache ndiyo nafuu. Nimewaambia wengi hili, na wengi wameniitikia "ndiyo, Mama" kisha wakaniletea kurasa ishirini za watu wanaobishana sebuleni.

Baada ya Shinyanga nilihamishiwa Geita, kutengeneza filamu za usalama kwa wachimbaji wadogo. Mkuu wa Kitengo cha Picha alikuwa mwanamke mkali asiyejua kubembeleza. Kabla sijaandika neno alinituma nishuke kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia dhahabu, nikayasikilize matimba, magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. "Utawafundishaje watu kuyafunga," aliniambia, "wakati hujui yanavyolia kabla ya kuachia?" Nilishuka, nikayasikia, ndipo nikaandika. Nilikaa Geita miaka mingi, na huko ndiko nilikopata hadithi ya filamu yangu ndefu ya kwanza. Ilimhusu mke wa mchimbaji anayeletewa habari kwamba duara limemfukia mumewe.

Kuandika waliniruhusu. Kuongoza ndiko walikonikatalia, eti mwanamke hawezi kuwaamrisha mafundi wa kamera. Hatimaye Mzalishaji Mkuu mmoja wa Dar es Salaam alikubali kunipa kamera na kikosi kwa siku kumi na mbili. Mzalishaji ndiye anayeiwezesha filamu, na akisimama yeye, filamu inasimama. Maonyesho ya duara tuliyapiga karibu na Bugarama bila tatizo. Ya nyumbani, pamoja na onyesho la msiba, tukaenda kuyapiga kijijini Didia, mkoani Shinyanga.

Hapo ndipo nilipokosea, mimi mtoto wa Kisukuma, kosa ambalo hata mgeni angesamehewa kwa shida. Niliwaarifu wenye mji na majirani wa karibu, basi. Asubuhi tukawasha kamera, mwigizaji wetu akaangua kilio cha msiba. Kilio kikavuka majaruba ya mpunga hadi kitongoji cha pili.

Kwetu kilio kikisikika, hakuna anayeendelea kushika jembe. Robo saa haikupita wakaanza kuingia, wanawake na kuni vichwani na unga kwenye mabeseni, wanaume na sepetu za kuchimbia kaburi. Mbele yao alikuwa Mama Kulwa, jirani wa ng'ambo ya majaruba, ambaye mwaka uliotangulia alimzika mwanawe aliyefia machimboni. Alijitupa chini mlangoni, akamwita mwanawe yule kwa jina. Mpiga kamera hakuzima.

Nilipopiga kelele wazime, teki ilikuwa imekamilika. Teki ni kipande kimoja cha picha, tangu kamera kuwashwa hadi kuzimwa, na ile ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuziona. Nasema ukweli, niliitamani.

Mama Kulwa aliponyanyuka na kuelezwa, hakututukana. Alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, machozi yale si yenu. Yafuteni."

Mzalishaji Mkuu akanivuta pembeni. "Hiyo haiigiziki. Ukiifuta, mimi narudi Dar na kamera yangu, na wewe hutaongoza tena."

Nilijua hatanii. Nilikuwa nimeisubiri nafasi ile nusu ya maisha yangu. Nikaichukua kamera, nikaenda nayo mbele ya Mama Kulwa na mwenyekiti wa kijiji, nikaifuta teki ile wakitazama. Mzalishaji akaingia kwenye gari na kufunga mlango, lakini asingeondoka bila kamera yake.

Wazee wakaamua kwamba watu walioacha majembe yao hawaondoki na njaa, na kwamba mimi nitawaomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Nikapiga. Tukapika mchele wote wa kikosi. Watu wakala, hasira zikapoa, na Mama Kulwa akasogea nilipoketi.

"Huyo binti wenu," akasema, "analia kama yuko kwaya. Msiba hauliliwi hivyo."

"Unaliliwaje, mama?"

"Kesho nitalia mimi. Ila watangazieni watu mpaka Tinde kwamba ni mchezo, na mkizima mzime nikisema mimi."

Mwenyekiti akatoa bodaboda na kipaza sauti. Niliutangaza mchezo mwenyewe, vitongoji vyote, hadi sauti ikakauka. Kesho yake Mama Kulwa alilia mara moja tu, kwa namna yake, na aliposema "inatosha" tukazima. Mzalishaji Mkuu alikuwa ameshuka garini. Alisimama nyuma ya kamera akifuta miwani.

Filamu ile ilinipa tuzo ya mwongozaji bora nchini, kisha ya skripti ughaibuni, na nyingine zilizofuata nazo ni matunda yake. Nilifurahi, tena sana, na sitajifanya mnyenyekevu uzeeni. Wale waliosema siwezi kuamrisha mafundi walikuja kunipa mkono, nikaupokea huku nikiwahesabu mmoja mmoja.

Lakini miaka yote hiyo Mama Kulwa alikataa kuiona. Kila nilipompelekea alisema, "Bado." Nilipostaafu, wenzangu walitaka kunifanyia sherehe ukumbini Dar. Nikaomba waje Didia. Tukaziba madirisha ya ghala la pamba mchana kweupe, tukatundika shuka jeupe, na Mama Kulwa akaja, akaketi mbele kabisa.

Kilipofika kilio chake, mimi sikutazama picha, nilimtazama yeye. Alipojiona akisema "inatosha," neno ambalo sikulikata kwenye filamu, akainua mkono.

"Rudisheni," akasema. "Rudisheni pale nilipolia."

Tulirudisha mara tatu.